Kompyuta inayonishusha sauti Upendo akiimba

Leo nimemwonea wivu mtu mpaka nikaionea wivu na maiki yake.

Tulikuwa mazoezi ya kwaya, kanisani kwetu Sokon One. Kila Upendo akianza kuimba solo, sauti yangu inapotea kwenye spika. Akinyamaza, inarudi.

Nikamfuata Elibariki, fundi wetu wa mitambo. Akanigeuzia kompyuta.

"Ona hapa, dada. Maiki ya Upendo ikipokea sauti, programu inatoa ishara ya 'ndiyo'. Ishara hiyo nimeiunganisha na sauti zenu, inazishusha yenyewe."

"Na maiki yangu ikitoa 'ndiyo'?"

"Yako sijaiunganisha na kitu."

Hapo ndipo iliponiuma. Sare moja, kwaya moja, halafu ndiyo yangu haina kazi.

"Nibadilishie," nikamwambia. "Wimbo mmoja tu."

Kwenye skrini akaufuta mstari uliounganisha maiki ya Upendo na sauti zetu, akachora mwingine kutoka kwenye maiki yangu.

Nikaimba. Kwaya nzima ikashuka kwenye spika, nikabaki peke yangu. Hata pumzi zangu zilisikika mpaka mlango wa nyuma. Kufika ubeti wa pili, natamani mtu yeyote aniingilie.

Tulipomaliza, Upendo akanijia. Nikajua amenuna.

"Umeimba vizuri, dada. Eli aache hivihivi. Huku chini raha, leo nimewasikia wenzangu wote."

Yaani nafasi niliyoinung'unikia siku zote, yeye ameifurahia siku moja. Nikamwonea wivu na hiyo.

Elibariki anasubiri jibu langu. Nimrudishie Upendo, au nikaze?