Mdai Aliyetaka Mabati Yangu

Mdai wa chama cha mikopo akija haizimi pikipiki yake. Huiacha ingurume uani mwangu mpaka kuku wakimbie, naye akijitazama kwenye kioo chake na kulaza nywele kwa kiganja. Mikono yake laini kama ya bwana harusi. Sauti huipaza makusudi, maana hapa kwetu mjane akidaiwa, majirani hufunga milango wasimwone akiaibika, naye hubaki peke yake. Na deni lenyewe si langu. Mpwa wangu Mofizul alikopa, mimi nikamdhamini kwa kidole gumba. Mofizul yuko sokoni anauza samaki mchana kweupe, lakini ana mabega mapana, kwa hiyo mdai anakuja kwangu.

Juzi, mvua zikiwa karibu, akapiga kelele, "Bibi, kesho nang'oa mabati yako!"

Nikatema tambuu. "Kwa nini kesho, mjukuu wangu?" Nikaleta ngazi, nikaiegemeza ukutani. "Jorimon! Kohinoor! Tokeni, mgeni anapanda!" Majirani wakatoka wote na watoto wao. Nikamshikia ngazi. Akapanda vidato viwili, akatazama chini, akaona macho yale yote.

"Bibi, mimi nimetumwa tu."

"Basi aliyekutuma aje apande mwenyewe," Kohinoor akamwambia. "Shuka wewe, utachana suruali!"

Akashuka. Akauliza polepole, kama mtu anayeomba maji, Mofizul anauzia samaki upande gani wa soko. Tukamjibu wote kwa pamoja, mpaka akaziba masikio.