Mzinga wa Komba

Nimechoka, nisiseme uongo. Baba yangu alirina asali maisha yake yote huku Rungwa, na sasa akili imemtoka, miguu imebaki. Kila jua likizama anainuka kurudi kambini kwake porini, kwenye fisi na tembo, nami namkimbilia huku nimeshika kanga isidondoke. Jina langu alishalisahau. Ananiita "mama" tu, kama anavyomwita mwanamke yeyote apitaye njiani.

Kitu pekee kilichomkalisha ni komba. Jioni moja komba aliruka kutoka tawi hadi tawi kwenye mgunga wa uani, akalia kama mtoto mchanga, na baba akakaa chini mwenyewe. Kambini komba walikuwa wakimtembelea hivyo hivyo. Jamani, siku ile nilikula ugali ungali wa moto.

Basi nikawa mtumishi wa komba. Nilichomeka vipande vya papai bivu matawini. Nilichanja gome la mgunga litoe utomvu, maana wanaupenda mno. Giza likianza kuingia namulika juu kwa tochi ya simu, taratibu. Nikiona macho mawili mekundu nashusha mwanga na kunyamaza. Walianza kuja kila jioni, na baba akatulia. Nikataka wahamie kabisa. Mchana komba hulala kwenye tundu la mti, na mgunga wetu hauna tundu, kwa hiyo nikatoa stoo mzinga wa zamani wa gogo, mtupu, nikamwomba baba tuuandae uwe nyumba ya komba.

Mikono yake haikuuliza mtu. Aliusafisha ndani, akayeyusha nta, akaipaka kwenye tundu la kuingilia huku akiimba kwa sauti ya chini. Nilijua vizuri kwamba nta inaita nyuki. Lakini sikuwa nimemwona siku nyingi akifanya jambo kwa uhakika namna ile, nikashindwa kumkatiza. Nikajipa moyo kwamba huenda nyuki hawatapita. Tukautundika.

Wakapita. Wiki haikuisha, mzinga umejaa nyuki, na komba hatukuwaona tena. Mapapai yakaozea mtini. Baba akarudia safari zake, nami mbio zangu.

Juzi jioni nilimwahi akiwa anatoka uani. Alisimama ghafla, akasikiliza mvumo wa nyuki kule mtini, kisha akanigeukia amekasirika.

"Nani amepaka nta mzinga wa komba?"

Ningesema nini? "Ni mimi, baba."

Hasira ikamwisha, akanionea huruma.

"Si kosa lako, mama, hukufundishwa. Ninaye binti yangu, yeye nilimfundisha mwenyewe. Asingekosea hivi. Ngoja aje, ataurekebisha."

Akavuta kigoda, akakaa kumsubiri, na jioni ile hakuinuka tena kwenda porini. Nami nikaketi kando yake, tukamsubiri wote wawili.