Shati la Mwalimu

Karani wa masomo ya mtandaoni haamini asilimia mia. Kompyuta ikimwonyesha kuwa mwanafunzi amemaliza kozi, yeye hubetua midomo, hufuta miwani kwa ncha ya tai, kisha hunyanyua simu. "Hongera. Hivi mwalimu alivaa shati la rangi gani?" Anajua watu huwasha video wakaenda zao kukaanga vitunguu. Anayebabaika humrudisha sifuri papo hapo, alie asilie. "Sheria ni msumeno, ndugu yangu."

Leo aliyemaliza kozi ya ufugaji wa kuku ni mama mkwe wake. Karani akasimama wima, kana kwamba simu ina macho. "Shikamoo, mama. Samahani sana, mama. Mwalimu alivaa shati gani?"

"Jeupe, mwanangu, limenyooka kwa pasi!"

Kozi ile haina sura ya mtu. Ni sauti tu na picha za kuku. Akainamisha kichwa kwa adabu, na vivyo hivyo ameinama, akambonyeza mama mkwe hadi sifuri. "Unisamehe, mama. Sheria ni msumeno."

Hajaketi vizuri, simu ikalia. Mkewe.

"Jioni utakula huo msumeno."