Kahawa ya Bibi Benadeta Ofisini kwa Mkuu

Mwanafunzi wa kwanza wa kigeni niliyekutana naye katika shule yetu ya kimataifa alikuwa binamu yangu Yustus, mtoto wa shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda. Siku ya kwanza alipangwa kwenye mstari wa wageni pamoja na Mholanzi mmoja. Tukasalimiana kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, tukacheka. Mwalimu wa zamu alifurahi, akasema ndiyo faida ya shule ya kimataifa, watoto wanaelewana upesi.

Tulikuwa wanafunzi sitini na mmoja, nje kidogo ya mji wa Kayanga. Mimi nilitoka kijiji cha Kibingo, kwenye migomba na mibuni, na sikuingia kwa ada. Kila mwaka shule ilitoa nafasi mbili za bure kwa watoto wa vijijini waliofaulu mtihani wake. Sharti lilikuwa moja: ukifanya kosa kubwa la nidhamu, nafasi yako anapewa anayekufuata kwa alama. Aliyenifuata alikuwa Novatus, mtoto wa jirani yetu. Kila likizo mama yake alinijulia hali vizuri, akauliza masomo, akauliza chakula, kisha akafika kwenye shida yake.

"Na hawajakufukuza, Kokuberwa?"

"Bado, mama."

"Haya. Tunamwachia Mungu."

Asubuhi tulikula nafaka kavu kwenye maziwa ya baridi, chakula ambacho kwetu ukimpa mgonjwa atakuuliza amekukosea nini. Ndizi tulikula kwa kisu na uma. Nilijifunza yote hayo kwa wiki moja, maana sikuwa na pa kurudi isipokuwa kwa mama Novatus. Halafu nikaanza kuangalia wenzangu wanakosa nini. Watoto wa wenye uwezo walikuwa na kila kitu isipokuwa usingizi. Wiki za mitihani tuliamshwa alfajiri kujisomea, na wao walisinzia mpaka paji la uso linagonga meza. Mimi sikusinzia, nilikuwa na kahawa ya Bibi.

Kwetu kahawa hutafunwa. Bibi Benadeta huichuma mbichi, huichemsha na majani yenye harufu nzuri, huianika juani mpaka inakuwa nyeusi na ngumu, kisha huifunga kwenye magome makavu ya mgomba. Mgeni akifika hupewa hiyo kabla hajaulizwa lolote. Kila likizo ilipoisha Bibi alinipa kifurushi.

"Usiende kwa watu mikono mitupu," alisema.

Hakusema nisifanye biashara. Punje mbili zilikuwa biskuti moja. Punje nne, unanifagilia bweni zamu yangu. Mholanzi alitoa nusu saa yake ya kompyuta kwa punje sita, nami nikamwongezea ya saba, maana mteja akiondoka bila nyongeza harudi. Kufika katikati ya muhula nilikuwa nimesahau ufagio unashikwaje.

Aliyenikamata ni Matroni Maua. Alitoka Tanga na alikuwa na wiki tatu tu kwetu. Aliinua godoro langu, akaona kifurushi cha magome, ndani vitu vyeusi vinavyonuka mitishamba. Alikibeba kwa koleo la mkaa mpaka kwa mkuu wa shule, ambaye alikuwa Mmalawi, mtu mpole, naye mgeni muhula uleule.

"Hii ni nini?" Mkuu aliniuliza.

"Kahawa, mwalimu."

Akachukua kopo la unga dirishani, akaliweka mbele yangu. "Kahawa ni hii. Nimeinywa tangu niko chuoni."

"Ni hiyohiyo, mwalimu. Hiyo wameisaga."

"Na hii inafichwa chini ya godoro kwa nini?"

Swali lilikuwa la haki.

Kesho yake alikinyanyua kifurushi mbele ya shule nzima, akauliza nani anakijua. Nusu ya shule wangeweza kumjibu, lakini nusu hiyohiyo walikuwa nazo mfukoni. Hata mpishi Jovitus, anayetafuna tangu asubuhi mpaka jioni, alisimama mlangoni akahesabu mabati ya paa. Mkuu akahitimisha kwamba ni dawa za kulevya. Ijumaa aje mzazi.

Simu ilipokelewa na Bibi. Kwake yeye, mtu mzima akimwita mtu mzima mwenzake, huo ni mwaliko. Ijumaa akafika na kitenge kipya, mwavuli, na kikapu kidogo chenye mfuniko.

Mezani kwa Mkuu kulikuwa na karatasi moja. Niliisoma kichwa chini, miguu juu. Kokuberwa aondolewe, nafasi apewe Novatus. Ilikuwa imechapwa tayari, imebaki sahihi na muhuri.

"Shikamoo, mama," alisema Mkuu.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu hawajambo? Mama yako? Mvua zinanyesha huko?"

Bibi aliuliza kwa Kinyambo, nami nikatafsiri mvua ya Malawi, nikatafsiri mahindi ya Malawi. Mara tatu Mkuu aligusa karatasi yake, mara tatu Bibi akamuulizia ndugu mwingine. Kisha Bibi akafunua kikapu. Nikafumba macho.

Matroni akarudisha kiti nyuma. "Ndizo zenyewe. Kaleta mwenyewe."

Bibi akachukua moja, akaitafuna kwanza ili ionekane hakuleta sumu, akamsogezea Mkuu kikapu kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" Mkuu aliniuliza.

"Anasema ule, mwalimu."

"Na nisipokula?"

Nikamuuliza Bibi. "Anasema hapo atajua amefika kwa adui, na atarudi Kibingo kwa miguu sasa hivi."

Mkuu aliitazama miguu ya Bibi. Akachukua punje moja, akaitafuna kama mtu anayetafuna kifungo cha shati. Uso ukakunjamana. Akatafuna tena, polepole. Akafungua kopo lake, akanusa.

"Matroni," alisema, "hii ni kahawa."

"Mtoto si alikuambia?" Bibi akasema kwa Kiswahili, wala hakuhitaji mkalimani.

Ikabaki shida ya makapi. Kumeza alishindwa, na kutema sakafuni mbele ya mama wa watu hakuweza. Akatazama huku na huku, akavuta karatasi iliyokuwa mezani, akatemea, akaikunja vizuri mara nne. Bibi, mgeni asiyeacha uchafu kwa watu, akaipokea, akaitia kikapuni na kufunika. Hapo ndipo Mkuu alipokumbuka karatasi ile ilikuwa ya nini. Nilimwona akikumbuka.

"Mwambie," Bibi alisema, "aliyekula kahawa yangu ni wa nyumbani. Na wa nyumbani hafukuzi mtoto wa nyumbani."

Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza. Bei ikishashuka hungoji.

"Lakini biashara bwenini ni kosa, mwalimu," nikaongeza. "Nipe adhabu."

"Kufagia bweni peke yako, muhula mzima."

"Wiki moja, mwalimu. Nina mitihani."

"Mwezi."

Tuliishia wiki mbili, na siku ya wazazi nisimame getini tangu asubuhi nikaribishe kila mgeni kwa kahawa. Nilikubali kwa uso wa huzuni. Kisha nikauliza kahawa ya wageni wote hao itatoka wapi. Mkuu akamtazama Bibi, akachukua punje nyingine.

Likizo ilipofika, mama Novatus alinikuta uani.

"Na hawajakufukuza?"

"Bado, mama."

Bibi alinisimulia baadaye. Jioni ileile aliyotoka shuleni, mama Novatus alikuja kuuliza habari, akamkuta anahangaika na kuni mbichi. Bibi hajui kusoma. Alitoa ile karatasi kikapuni, makapi na yote, akaisukuma chini ya kuni. Ilikuwa karatasi nzito, ya shule nzuri, ikachelewa kushika moto, mpaka mama Novatus akapiga magoti akampulizia.