Mabega ya Nguruwe Juu ya Ukuta

Kazini walimwita Winchi, na nyumbani nako jina likamganda. Tangu ujana wake alikuwa akiendesha lori lenye winchi, akinyanyua mizigo iliyowashinda wanaume wazima. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na kicheko chake kilitangulia mzaha wenyewe.

Siku moja aliitwa kwenye nyumba ya ghorofa kumhamisha mpangaji. Kule juu kwenye roshani lilibaki jiko la kauri, kubwa, la kijani, la mviringo kama yai.

"Wapagazi wamenigomea hilo," mpangaji akasema. "Ukiweza kulishusha, mama, ni lako."

Winchi hakungoja aambiwe mara ya pili. Jioni hiyo hiyo jiko lilikuwa uani kwake.

Likamtia wazimu. Kuta zake nene zilishika joto kutwa nzima kwa makaa machache tu. Ukibana tundu la hewa la chini na lile la kwenye mfuniko, moto hauwaki wala hauzimiki, unafukuta tu. Akalipaka bega la nguruwe chumvi, pilipili manga na sukari, akatupia vipande vya kuni za mpera juu ya makaa, akafunika asubuhi, akafunua jioni. Nje nyama ilikuwa nyeusi kama kiatu, ndani laini hata ikachambuka kwa uma.

Mdogo wake, mshona mapazia aliyeishi naye nyumba moja, alikula sahani nzima. Alipomaliza akalamba vidole. "Dada, siku nikiolewa sitaki mpishi mwingine."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mshona mapazia alikuwa ameshavuka hamsini na hata mchumba hakuwa naye.

Basi mchumba akatokea. Alikuwa kinyozi aliyefiwa na mkewe, akaleta pazia la kibanda chake kushonwa upindo, kisha akawa haishi kulirudisha. Mara refu, mara fupi, mara limepinda. Mwishowe akaacha visingizio, akasema lililomleta.

"Dada, unakumbuka nilichokuambia?" mdogo mtu akauliza.

"Wageni wangapi?"

"Mia hivi."

Winchi alipiga ukelele wa furaha hadi jirani akachungulia dirishani. Kisha akageuka kulitazama jiko. Hajawahi kupika zaidi ya bega moja kwa mpigo!

Hakukata tamaa. Alimwendea mchomeleaji wa kazini kwao, akatengenezewa nyavu tatu za chuma zilizopandana kama ghorofa, na juu kabisa pete nene ya kushikia. Mabega kumi na mawili yakaenea, yamebanana kama abiria.

Siku ya harusi aliwasha moto alfajiri. Moshi mwembamba ukapanda, harufu ikatambaa mtaani, watu wakawa wanapita polepole bila sababu. Moyo wa Winchi ulimdunda kama wa bibi harusi mwenyewe. Mchana mshale wa kipimajoto alichokichomeka kwenye nyama ukagoma kupanda.

Kaka yao, fundi saa, akaanza kuhangaika. "Imekufa hiyo! Wageni watakula nini?"

"Haijafa, kaka. Nyama inatoka jasho, inajipoza. Ikimaliza itapanda yenyewe. Mimi naenda kumvalisha bibi harusi. Wewe kaa hapa, usiguse kitu."

"Niguse nini mimi?"

Lakini huyu ni mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ni kufungua vitu. Dada yake alipogeuka tu, akafungua tundu la chini lote, akainua na mfuniko achungulie.

Winchi aliporudi, amevaa gauni la harusi la zambarau, alikuta moto unanguruma.

"Kaka! Umefanya nini?"

"Nimeisaidia kidogo..."

"Umeisaidia kuungua!"

Akabana matundu yote, lakini kauri ikishashika moto haipoi upesi, na mafuta yalikuwa yanadondokea makaa. Lazima nyama itoke, na nani angeinua chuma kile cha moto? Winchi akatazama ile pete, kisha akatazama lori lake lililoegeshwa nyuma ya ukuta. Akakunja gauni, akapanda.

Mkono wa winchi ukavuka ukuta taratibu. Fundi saa, amevaa glavu nene, akafunua mfuniko, akatia ndoano kwenye pete. "Vuta!"

Ghorofa tatu za nyama zikapaa hewani, zikifuka moshi. Wakati huo huo maarusi na wageni wao wakatokea kwenye kona ya barabara. Msafara ukasimama. Nyama ilikuwa inaning'inia juu ya ukuta, inazunguka taratibu kwenye jua.

"Ni ya kwetu ile?" kinyozi akauliza.

"Ya kwetu," bibi harusi akajibu, machozi ya kicheko yakimharibia wanja. "Yule pale ni dada yangu!"

Watu wakalipuka kwa vigelegele. Winchi akawapungia mkono kutoka kwenye usukani, na alipoona moto umetulia, akaishusha nyama polepole hadi ikakaa ndani ya jiko bila hata kugonga ukingo. Wakafunika. Mshale ukasimama, ukasitasita, kisha ukaanza kupanda. Fundi saa akarukaruka kama mtoto.

Jioni, nyama ilipofikishwa ukumbini, Winchi alishika mfupa wa bega la kwanza, akavuta. Ukachomoka mweupe, msafi, kama kisu kwenye ala. Mabega ya chini yalikuwa yameungua kingo; akazikatakata akachanganya na nyama laini, na ndizo watu walizozigombania. Ukumbi mzima midomo ilikuwa kazini. Bibi harusi alikula kwa vidole, leso ya meza imefungwa shingoni.

Muziki ulipoanza, kinyozi alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Nanuka moshi, shemeji!"

"Ndiyo maana nimekuja," akasema, akamvuta kati ya ukumbi, wakacheza mpaka viatu vikawavuka.