Njia ya Upana wa Machela

Magari mawili yalisimama pale barabara inapoishia. Moja lilikuwa la bwana aliyetaka barabara iendelee kupita katikati ya msitu wa serikali, jingine la bwana aliyetaka isiongezwe hata hatua moja. Yote mawili yalikuja kwa barabara ileile na kuchafuka kwa matope yaleyale, na madereva wao walikuwa wamelaza viti, wanasikiliza redio moja. Nimezunguka mwambao huu wa ziwa tangu Magara, ambako nilivuta nyavu, mpaka Nyanza-Lac, ambako nilikamua mawese, na sijaona watu wawili waliofanana kama hao waliokuja kutuambia kwamba wanapingana.

Wakati huo nilikuwa nakaa kilimani, juu ya Rumonge, kwa mama mmoja mjane aliyerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Nilipanda kule kwa udadisi tu. Niliambiwa msituni kuna sokwe wanaoiba ndizi mbivu na kuacha mbichi, nikataka kuwaona. Niliwaona. Mama akanipa kitanda, nikawa namlimia mihogo, na siku chache nilizopanga zikawa miezi. Nyumbani alikuwapo pia mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa mbali akitafuta kazi. Mkwe huyo alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilimshinda njiani. Mvua ilikuwa imekata njia ya msituni, wakazunguka naye kwa barabara ya malori nusu siku nzima, na mtoto hakufika hai.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na swali moja tu: siku ikifika, njia itakuwa wazi?

Njia yenyewe ni ya miguu. Inashuka kati ya miti mpaka hospitali ya mjini, na upana wake si wa bahati. Watu wa kilima wana kikundi cha wabebaji. Mgonjwa analazwa kwenye machela ya mianzi, wanaume wanne wanaiinua, wawili mbele na wawili nyuma, wengine wanafuata na kupokezana. Kwa hiyo njia lazima ipitishe watu wawili bega kwa bega. Kila mwanachama ana kipande chake cha kufyeka: huyu kutoka mwambani mpaka mti fulani, yule kutoka mti huo mpaka kijito. Tena kuna sheria: ukikutana na machela njiani, uwe nani, unaweka chini ulichobeba na kutoa bega.

Nilipofika, mama aliniambia nijiandikishe.

"Mimi napita tu, mama," nilimjibu. "Sitaugua hapa."

"Wote tuliowazika hapa walikuwa wanapita," alisema, akaendelea kumenya mihogo.

Sikujiandikisha.

Basi, mkutano. Bwana wa barabara alizungumza kwanza. Alituahidi ambulansi, duka la dawa, na mwanga wa maendeleo. Hakutaja shamba lake kubwa upande wa pili wa msitu, wala mbao. Hakukuwa na haja, maana misumeno yake tuliisikia kila wiki. Kisha akasimama bwana wa miti, viatu vyake vipya bado vina lebo. Alisema msitu ni mapafu yetu na sokwe wanahitaji utulivu. Mzee mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Hao sokwe walikula mahindi yangu kwa utulivu mukubwa sana." Tulicheka ndani ya viganja.

Mama yangu wa nyumbani akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, sisi tunaomba njia ya upana wa machela. Isipungue, isizidi. Mtuachie tuifyeke kama siku zote."

"Mumesikia!" akaruka bwana wa barabara. "Mama anaomba barabara!"

"Hapana, mumesikia vizuri," akasema bwana wa miti. "Mama anakataa magari!"

Mama alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyeomba chumvi akaletewa kanisa na soko. Na sisi tulifanya nini? Tulipiga makofi. Kule mgeni akimaliza kusema anapigiwa makofi, hata akisema kesho mtaliwa. Tulimpigia wa kwanza, tukampigia wa pili, tukapiga tena waliposhukuru. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu soda zilikuwa zinafunguliwa. Kila mmoja akaandika kwenye karatasi yake kwamba wananchi wamemuunga mkono, nao wakashuka kwa magari yao, moja nyuma ya jingine, taa zikiwaka mchana.

Matunda ya makofi yetu hayakukawia. Kwa kuwa wananchi walikuwa wametaka yote mawili, ofisi ya misitu ikaamua isiamue. Wakaweka bariyeri kwenye njia: magogo mawili yamesimama, jingine limelala juu yake kimo cha kiuno, mnyororo na kufuli. Ili kulinda miti walikata miti ile ile ya msituni, mizuri, iliyonyooka. Kibao kikasema njia imefungwa hadi uamuzi utolewe, na ni marufuku kuingia na panga. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini vibao nasoma vyote. Hicho nilikisoma mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa wajawazito wasubiri.

Mlinzi waliyemweka alikuwa kijana wa kilima hichohicho, mwanachama wa kikundi. Alipewa koti la kijani na madaraka ya kunyang'anya mapanga. Alinyang'anya manne, moja la mjomba wake. Mvua zikaja, na msitu, ambao haukuhudhuria mkutano, ukafanya uamuzi wake. Kabla ya mwezi kwisha njia ilikuwa imebaki upana wa mbuzi.

Siku ya mkwe ilifika asubuhi, baada ya mvua. Maji yalipasuka akiwa anafagia. Wabebaji walikuja wakikimbia, lakini watatu walikuwa ziwani na mmoja ni mgonjwa. Mama alihesabu wanaume kwa macho, akafika kwangu, akasimama hapo. Nilishika mti wa machela.

Sikujua uzito ule. Mianzi inakula bega, na mtu aliyelala juu yake ukiyumba anakuambia kwa sauti ambayo huwezi kujifanya hukuisikia. Majani yalitupiga usoni. Kwenye bariyeri mlinzi alitoka kibandani, amefunga vifungo vyote vya koti.

"Simameni! Njia imefungwa."

"Amahoro na wewe," akasema kiongozi wa wabebaji, mzee wa mahindi, kana kwamba amesalimiwa. "Fungua."

"Ufunguo iko ofisini, Rumonge."

"Na ofisi iko wapi sasa? Ije ishike huyu mwanamuke miguu?"

"Mzee, mimi ni kazi tu."

"Mama yako nilimubeba mimi. Bega hili. Alikuwa muzito kama duka la chumvi, na sikumuuliza ufunguo."

Mkwe alilia juu ya machela. Mlinzi alimtazama, akatazama rungu lake. Kupitisha machela chini ya gogo haikuwezekana, juu yake tungemwangusha, na pembeni msitu ulikuwa umeziba. Mzee akasema polepole, "Umekutana na machela. Weka chini ulichobeba."

Nilidhani atabisha. Aliweka rungu chini. Akaingia kibandani, akatoka na panga la mjomba wake, akaanza kukata nguzo ya bariyeri. Mti ulikuwa bado mbichi, vipande vyeupe vikaruka mpaka kwenye blanketi. Bariyeri ilipoanguka hakurudi nyuma. Alitangulia mbele yetu akifyeka, koti la kijani limechanika mgongoni, mpaka tukaona paa za mji na maji ya ziwa. Hapo akampa mwingine panga, akachukua nafasi ya bega langu la kushoto, ambalo lilikuwa limekwisha.

Mtoto alizaliwa hospitalini kabla sijamaliza kunywa maji. Msichana, na sauti kubwa.

Wale mabwana wawili walisikia habari. Mmoja alisema wananchi wamevunja bariyeri kwa kiu ya barabara. Mwingine alisema hiyo ndiyo dalili ya watu wasiopenda miti. Hakuna aliyepanda kuuliza. Mlinzi walimvua koti, yaani kilichobaki cha koti, na bariyeri hawajairudisha, nadhani kwa sababu ingehitaji mkutano mwingine.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilishuka na mapanga, mlinzi wa zamani akiwa wa kwanza kwenye kipande chake. Mzee wa mahindi alinionyesha kipande kisicho na mwenyewe, kutoka jiwe lenye ufa mpaka kijito.

"Hiki ni chako."

Nilikifyeka mpaka mchana, nikanyoosha mikono kupima: watu wawili, bega kwa bega. Niliporudi nyumbani, malengelenge yamepasuka, mama alikuwa amempakata mjukuu mlangoni. Alinitazama viganja.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kuugua."