Kidumu cha Maziwa na Figo za Hamisi

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile uso huniwaka moto, na sina wa kumlaumu, kwa maana ushahidi wote niliuandika mimi mwenyewe, kwa wino, katika daftari langu.

Mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa mpishi wa hoteli Diani, alishikwa na saratani ya tezi, na baada ya dawa kali za mwanzo akaanzishiwa sindano za kuamsha kinga ya mwili ipigane na ugonjwa yenyewe, tezi za shingoni zikaanza kunywea. Daktari wetu wa Mombasa alituonya kwamba sindano zile huweza kudhuru figo, kwa hivyo mara kwa mara Hamisi akusanye mkojo wa siku nzima, upimwe kama figo zinavujisha protini. Kazi hiyo niliidaka mimi (nilikuwa nimesoma vitabu viwili vikuukuu vya tiba, na nilijiona si haba).

Nikamnywesha maji mengi, zaidi ya alivyoambiwa, na kufika alasiri chupa ya hospitali imejaa. Badala ya kwenda hospitali ya Msambweni kuomba nyingine, nikachukua kidumu ambacho Mama Mwende, jirani yetu kutoka bara, alikuwa akituletea maziwa ndani yake, nikakiosha mara tatu, nikakinusa, nikaridhika.

Majibu yakaja: protini nyingi mno. Sindano zikasimamishwa, tukapewa miadi baada ya wiki mbili. Mimi nikawaita jamaa wote wa Tiwi, nikawachorea figo kwa chaki mlangoni, nikawaeleza kwamba huenda mmoja wetu akahitajika kutoa yake. Siku ya miadi tukafika watu tisa, hatujatia kitu kinywani tangu alfajiri (niliwaambia damu hupimwa hivyo), dada yetu Mwanasha akifuta machozi kwa ncha ya leso. Na shingoni mwa Hamisi tezi moja ilikuwa imerudi, kama punje ya kunde.

Daktari, binti mpole, akatukuta ukumbini, akauliza mkojo ule ulikusanywa vipi. Nilifurahi kuulizwa. Nikampa daftari, naye akasoma kwa sauti, mbele ya wote na foleni nzima:

"Saa tisa na robo. Chupa imejaa. Uliobaki katika kidumu cha maziwa, kimeoshwa mara tatu."

Akainua macho. "Mzee, maziwa nayo yana protini."

Ami yetu Bakari akauliza taratibu kama sasa anaruhusiwa kunywa chai.

"Kwa hivyo, kaka," Hamisi akasema, "hawa wote umewavusha feri ya Likoni waje kumpa figo ng'ombe wa Mama Mwende."

Walicheka hata wagonjwa wasiotujua, nami nikacheka nao, kisha nikaona kwamba Hamisi, huku akitabasamu, alikuwa ameweka vidole viwili juu ya ile tezi.

Kipimo kikarudiwa kwa chupa za hospitali, figo zikaonekana salama, sindano zikaendelea, na ile punje ikachukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia kuitazama ndipo ikapotea. Nilimwomba radhi nyumbani, tukiwa wawili. Akaniambia yamekwisha, ila nisimgusie kidumu chake cha maji.

Daftari ninalo bado, naandika kila kitu. Lakini siku hizi, kabla sijatenda la kubuni, humsomea kwanza anayejua.